Kisiwa kimoja, timu mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Ayalandi kuwa na timu moja ya taifa

Kila droo ya kufuzu ikitoka lazima kuna mtu atauliza mbona Ayalandi ziko mbili, alafu mwingine anamjibu si waungane tu wawe na timu moja kali. Nimeyaweka pamoja maswali yanayorudi kila mara, na majibu mengine ni marefu manake hili jambo halimaliziki kwa sentensi mbili. Msimamo wangu nausema mapema: mimi naona timu zibaki mbili mpaka watu wa kaskazini wenyewe, hasa wale wanaojaza Windsor Park, uwanja wa timu yao kule Belfast, waseme wanataka moja. Wasilazimishwe na mwanasiasa, wala FIFA, wala sisi tunaotazama kwa mbali.

Kwani Ayalandi ni nchi moja au mbili?

Kisiwa kimoja, nchi mbili. Kuna Jamhuri ya Ayalandi, kaunti 26, nchi huru, mji mkuu Dublin, sensa ya 2022 ilikuta watu kama milioni 5.1. Alafu kuna Ayalandi ya Kaskazini, kaunti 6, mji mkuu Belfast, watu kama milioni 1.9 kwa sensa ya 2021, na hao wako ndani ya Uingereza pamoja na England, Uskoti na Wales. Kisiwa kiligawanywa 1921.

Kaskazini wapo wanaojiona Waingereza kabisa, wengi wao Waprotestanti, na wapo wanaojiona Waayalandi na wangependa kisiwa chote kiwe nchi moja, wengi wao Wakatoliki. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mpaka makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu ya 1998 palikuwa na mabomu, mauaji ya usiku, wanajeshi mitaani, na watu zaidi ya 3,500 walikufa. Ukiisahau hiyo namba hutaelewa kwa nini swali la jezi kule linakuwa zito hivi.

Ni kweli zamani walikuwa na timu moja?

Ndiyo. Chama cha mpira cha Ayalandi kilianzishwa Belfast Novemba 1880, ni cha nne kwa ukongwe duniani baada ya England, Uskoti na Wales. Mechi ya kwanza ilikuwa Februari 1882 hapohapo Belfast, wakapigwa na England 13-0. Timu ilikuwa ya kisiwa chote ila chama kilikaa Belfast, mechi nyingi zilichezwa Belfast, na watu wa Dublin walilalamika miaka nenda rudi kwamba wachezaji wao hawaitwi.

Sasa nini kiliwatenganisha, siasa au mpira?

Vyote, na hapa wengi wanarahisisha mno. Siasa ilikuwa inawaka, 1919 mpaka 1921 ni vita vya uhuru, hilo halina ubishi. Ila cheche yenyewe ilikuwa mechi ya kombe. Nusu fainali ya Kombe la Ayalandi 1921, Shelbourne ya Dublin dhidi ya Glenavon ya kaskazini, wakatoka sare Belfast. Marudio Shelbourne walitegemea yachezwe Dublin, chama kikasema hapana, rudini Belfast. Katikati ya vita hiyo. Shelbourne, ambao ndo walikuwa mabingwa watetezi, wakagoma. Miezi michache baadaye watu wa Dublin wakajitoa na kufikia Septemba 1921 wakawa na chama chao.

Kwa hiyo mtu akikwambia mpaka wa kisiasa ndo uligawa mpira, mwambie ni nusu ya habari. Raga haikugawanyika, kriketi haikugawanyika, ngumi hazikugawanyika, na wote hao waliishi chini ya mpaka uleule. Mpira uligawanyika kwa sababu kulikuwa tayari na kinyongo cha miaka kati ya Belfast na Dublin, siasa ikaja kukipa nguvu.

FIFA ikakipokea chama cha Dublin 1923, na mwaka uliofuata wakaenda Olimpiki ya Paris, wakaifunga Bulgaria 1-0 kisha wakatolewa na Uholanzi 2-1.

Eti kuna wachezaji walichezea timu zote mbili?

Wapo, na sio mmoja wawili. Kwa miaka mingi, hasa kuanzia katikati ya miaka ya 1930, vyama vyote viwili viliita timu yao "Ayalandi" tu na vyote viliita wachezaji wa kisiwa kizima. Mfano mzuri ni Johnny Carey, nahodha wa Manchester United. Septemba 1946 England ilikuja kucheza mechi mbili ndani ya siku tatu, ya kwanza Belfast ambako ilishinda 7-2, ya pili Dublin ambako ilishinda 1-0. Carey alicheza zote mbili, Jumamosi na jezi ya chama cha Belfast, Jumatatu na ya chama cha Dublin.

Kilele chake ni kufuzu Kombe la Dunia la 1950. Wachezaji wanne, Con Martin, Davy Walsh, Tom Aherne na Reg Ryan, walicheza mechi za kufuzu za mashindano hayohayo wakiwa na timu zote mbili. FIFA ikaona hii sasa haiwezekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaamua kila chama kiite watu wa upande wake, na kwenye mashindano yake pasiwe na timu inayoitwa Ayalandi tupu: moja iwe Jamhuri ya Ayalandi, nyingine Ayalandi ya Kaskazini.

Waliwahi kujaribu kurudiana?

Zaidi ya mara moja. Karibu zaidi walifika 1932, walikaa wakakubaliana mambo mengi, kikaja kukwama kwenye viti vya bodi ya kutunga sheria za mpira, IFAB. Chama cha Belfast kilikuwa na viti viwili, Dublin wakataka kimoja, Belfast wakakataa. Miaka ya 1970 wakakaa tena wakazungumza, haikufika popote.

Tukio ninalolipenda mimi ni la tarehe 3 Julai 1973. Brazili, mabingwa wa dunia wa wakati huo, walikuja Dublin, na Johnny Giles wa kusini pamoja na Derek Dougan wa Belfast wakasaidia kukusanya kikosi cha pande zote mbili. Pat Jennings golini, Martin O'Neill, Don Givens, Terry Conroy, Mick Martin, wote uwanja mmoja. Chama cha Belfast kilipinga jina la Ayalandi kutumika kwa hiyo wakacheza kwa jina la Shamrock Rovers, klabu ya Dublin, ila kila aliyekuwepo alijua anaangalia nini. Brazili ilishinda 4-3. Kumbuka huo ni mwaka mmoja tu baada ya 1972, mwaka uliouwa watu wengi kuliko wote kwenye mgogoro ule. Dougan ni Mprotestanti wa Belfast mashariki, na baada ya mechi ile hakuitwa tena timu ya taifa ya Kaskazini.

George Best naye, nyota wa Manchester United na Mprotestanti wa Belfast, alisema mara nyingi angependa timu moja. Kwa hiyo wanaodhani hili ni wazo la Wakatoliki peke yao wanakosea.

Mbona raga wanaweza kucheza timu moja?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaotaka timu moja. Timu ya raga ya Ayalandi ni ya kisiwa chote, chama chao kipo tangu 1879, mchezaji wa Ulster, jimbo la kaskazini, anakaa na wa Munster, jimbo la kusini, chumba kimoja, wamechukua Grand Slam (kushinda mechi zote za michuano ya kila mwaka ya mataifa ya Ulaya) 1948, 2009, 2018 na 2023. Rory Best, mtu wa kaskazini, alikuwa nahodha ile ya 2018 na hakuna aliyemuuliza anapiga kura wapi.

Ila angalia vizuri. Kwanza raga hawakuungana, hawakuachana kabisa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Ndugu ambao hawajagawana shamba la baba ni rahisi kuendelea kulima pamoja, lakini wakishagawana na kila mmoja kajenga na kuzika watu wake kwenye kipande chake, ukimwambia bomoa turudi pamoja unamwomba kitu kingine kabisa. Kaskazini hakujawahi kuwa na timu ya taifa ya raga ya kupoteza. Ya mpira ipo.

Pili, raga kule kaskazini ilikuwa ni mchezo wa shule fulani fulani, watoto wa mawakili, madaktari, wenye biashara, watu waliokutana na wenzao wa Dublin kwenye chuo na kwenye kazi. Mpira ni wa watu wa mtaani, wafanyakazi wa viwanda vya meli na vya kitani, mitaa ileile ambako ukuta ulijengwa kutenganisha Mkatoliki na Mprotestanti na kuta nyingine mpaka leo zipo. Huwezi kuchukua dawa ya wale ukawapa hawa ukategemea ifanye kazi ileile.

Tatu, hata raga haikuwa rahisi. 1954 mechi ilichezwa Ravenhill Belfast, wachezaji wa kusini hawakutaka kusimama kwa wimbo wa malkia wa Uingereza, wakabembelezwa wakacheza, na baada ya hapo mechi kubwa za timu ya taifa hazikurudi Belfast mpaka 2007 walipocheza na Italia. Miaka 53! Na ilibidi mwaka 1995 watungiwe wimbo wao mpya, Ireland's Call, ambao hauna siasa ya upande wowote. Nchi za nje unapigwa huo peke yake, Dublin unapigwa pamoja na wimbo wa taifa wa Jamhuri.

Kwa hiyo raga inaonyesha inawezekana, nakubali. Ila haituonyeshi njia ya kufika pale kutoka mahali mpira ulipo.

Kaskazini wanaogopa nini hasa?

Wanaogopa kumezwa. Watu milioni 1.9 wakiungana na milioni 5, makao makuu yataenda Dublin, uwanja utakuwa wa Dublin wenye viti zaidi ya 50,000 wakati Windsor Park una kama 18,500, na historia yao itakuwa kipengele kwenye historia ya mwingine.

Na hiyo historia sio ndogo. 1958 waliitoa Italia wakaenda Uswidi na Danny Blanchflower nahodha, wakafika robo fainali. 1982 Uhispania, hapa niache niseme kidogo. Mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na mgomo wa kula gerezani, wafungwa kumi wa upande wa Ayalandi moja walikufa, mji unawaka, England na Wales wakakataa kwenda Belfast kucheza mpaka mashindano ya nyumbani ya Uingereza ya 1981 yakafutwa. Halafu ndani ya mwaka mmoja ikatoka timu yenye Norman Whiteside wa Shankill, mtaa wa Waprotestanti, mwenye miaka 17, mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kucheza Kombe la Dunia, pamoja na Gerry Armstrong wa Falls, mtaa wa Wakatoliki, ambayo ni mitaa inayopakana na watu wake walikuwa wanauana, na nahodha wao Martin O'Neill Mkatoliki na kipa wao Pat Jennings Mkatoliki. Wakamfunga mwenyeji Uhispania 1-0 Valencia, goli la Armstrong. Hakuna bunge wala kanisa lililoweza kuweka watu wale pamoja wakati ule, timu iliweza. Sasa mtu akikwambia timu hii ni kitu cha kikoloni kifutwe tu, mimi simwelewi.

Kuna na mambo ya madaraka. IFAB mpaka leo ina kura nane, FIFA wana nne na vyama vinne vya Uingereza kila kimoja kura moja, na sheria haibadiliki bila kura sita. Yaani chama cha Belfast, cha watu chini ya milioni mbili, kina sauti kwenye sheria za mpira dunia nzima kuliko Brazili. Wakiungana na Dublin kile kiti kinaweza kupotea, na nchi nyingine zimekuwa zikikiangalia kwa jicho baya muda mrefu. Ongeza kura ya FIFA, kura ya UEFA, mgao wa pesa, nafasi za klabu Ulaya. Vyote vinakuwa nusu.

Na Wakatoliki wa kaskazini wao wanajisikiaje?

Hapa ndo sitaki mtu apake rangi. Windsor Park haikuwa mahali pa raha kwao kwa muda mrefu. Uwanja wenyewe ni wa Linfield, klabu ya Waprotestanti, wimbo unaopigwa ni wa mfalme wa Uingereza, na majukwaani ziliimbwa nyimbo za kuwatukana Wakatoliki waziwazi.

Novemba 17, 1993 ndo usiku mbaya kuliko zote. Jamhuri ilienda Belfast kutafuta pointi ya kwenda Kombe la Dunia Marekani. Wiki chache kabla, Oktoba, bomu liliua watu Shankill na wiki moja baadaye watu wanane wakapigwa risasi kwenye baa ya kijiji cha Greysteel. Mashabiki wa kusini hawakupewa tiketi. Jimmy Quinn akaifungia Kaskazini, Alan McLoughlin akasawazisha, 1-1, Jamhuri ikafuzu, na wachezaji wa Jamhuri wamesimulia mara nyingi walivyotukanwa usiku ule.

Alafu Neil Lennon. Mkatoliki wa Lurgan, aliposajiliwa Celtic ya Glasgow, klabu inayoonekana ni ya Wakatoliki, akaanza kuzomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe ya taifa. Agosti 2002 alikuwa aongoze timu kama nahodha dhidi ya Saiprasi, ikapigwa simu ya kutishia kumuua. Akarudi nyumbani na hakuichezea tena Kaskazini.

Chama kilishtuka, kazi ya kupambana na chuki majukwaani ikakazwa kweli, na mashabiki wenyewe ndo walioibeba, walijaza uwanja rangi ya kijani na nyimbo mpya mpaka zile za zamani zikazama. Mwaka 2006 walipewa tuzo Brussels kwa kazi hiyo. Hilo nalo liandikwe, manake watu wanapenda kusimulia 2002 wakaishia hapo.

Kwa hiyo kijana Mkatoliki wa Derry analazimika kuchezea Kaskazini?

Hapana, na kwangu hili ndo limebadilisha mjadala wote. Makubaliano ya 1998 yanamruhusu mtu wa kaskazini awe Mwayalandi, au Mwingereza, au vyote. Chama cha Belfast kilipeleka kesi mahakama ya michezo ya CAS kumzuia Daniel Kearns asichezee Jamhuri, hukumu ikatoka 2010, wakashindwa. Mzaliwa wa kaskazini mwenye uraia wa Ayalandi anaweza kuchagua Dublin.

James McClean wa Derry alipita timu za vijana za Kaskazini, akahamia Jamhuri, akaichezea zaidi ya mechi 100. Darron Gibson, Shane Duffy, Marc Wilson nao wa njia hiyohiyo. Kaskazini wanaumia, wanalea mtoto kuanzia miaka 12 anaondoka na 19, na wanasema sio haki manake mlango unafunguka upande mmoja, mzaliwa wa Dublin hawezi kuchagua Belfast hivihivi bila babu au bibi wa huko. Naelewa maumivu yao, ila nikipima naona hukumu ilikuwa sawa. Dhulma kubwa zaidi ilikuwa kumwambia mtu avae jezi ya nchi asiyojiona ni yake. Hiyo imeondoka. Na ikishaondoka, sababu kubwa ya kulazimisha timu moja imeondoka nayo, kwa sababu timu moja sasa ingewafanyia Waprotestanti wa kaskazini kilekile walichofanyiwa akina Lennon: vaa hii, usipotaka kaa nyumbani.

Si wangekuwa na timu kali wakiungana?

Wangeongezeka kidogo, sio kama watu wanavyofikiri. Hesabu yenyewe inashangaza: hadi Kombe la Dunia la 2022, Kaskazini wameenda mara tatu (1958, 1982, 1986) na Jamhuri mara tatu (1990, 1994, 2002). Wakiwa mmoja wasingeenda mara sita. Best akicheza na Giles, hapo ungekuwa moto, nakubali, na ni huzuni Best hakuwahi kucheza Kombe la Dunia hata dakika moja. Lakini Euro 2016 walienda wote wawili, wakavuka hatua ya makundi wote wawili, kina Gareth McAuley wa Kaskazini waliwafunga Ukraine 2-0 na Robbie Brady wa Jamhuri akawafunga Italia 1-0. Wachezaji 46 wa kisiwa kimoja walikuwa Ufaransa. Timu moja ingepeleka 23.

Klabu nazo zimegawanyika hivyohivyo?

Ndiyo, ligi mbili, isipokuwa Derry City. Hawa wako kaskazini ila wanacheza ligi ya Jamhuri. Walijitoa ligi ya kaskazini 1972 baada ya kukatazwa kutumia uwanja wao wa Brandywell kwa ajili ya usalama, wakakaa miaka bila mpira wa ngazi ya juu, 1985 wakapokelewa kusini. Kabla yao kulikuwa na Belfast Celtic, klabu kubwa ya Wakatoliki, ambayo straika wake Jimmy Jones alivamiwa na mashabiki na kuvunjwa mguu Windsor Park Desemba 1948 (na Jones mwenyewe alikuwa Mprotestanti!), klabu ikajitoa kwenye ligi 1949 na haikurudi.

Habari njema ni kwamba klabu zinaweza kukutana bila mtu kupoteza utambulisho wake. Kombe la Setanta lilichezwa na timu za pande mbili kuanzia 2005 mpaka 2014, Linfield wakachukua la kwanza wakimfunga Shelbourne mjini Dublin. Oktoba 2024 Larne na Shamrock Rovers walikutana kwenye Konferensi Ligi ya UEFA, Rovers wakashinda 4-1. Pendekezo la ligi moja ya kisiwa chote lilikuwepo mwaka 2019, chama cha Belfast kikalikataa, na hapo mimi siko nao, ningependa wangejaribu japo misimu miwili.

Kura ya maoni ikipigwa kisiwa kikawa nchi moja, timu itakuwaje?

Makubaliano ya 1998 yanaruhusu kura hiyo. Ikipita, watu wanataja Ujerumani: Septemba 1990 Ujerumani Mashariki ilicheza mechi ya mwisho, ikamfunga Ubelgiji 2-0, magoli yote ya Matthias Sammer, na miezi mitatu baadaye Sammer anachezea Ujerumani moja. Lakini upande wa pili kuna Uskoti na Wales ambao wako nchi moja na England na kila mmoja ana timu. Kwa hiyo hata nchi ikiwa moja, timu kubaki mbili sio ajabu kwenye mpira, na ningekuwa Dublin siku hiyo hicho ndo kitu cha kwanza ningewapa watu wa Windsor Park: timu yenu ibaki.

Hii si kama Zanzibar na Tanzania Bara?

Inafanana kwa hisia, kwa mpangilio ni kinyume. Zanzibar Heroes wanacheza Kombe la Chalenji la CECAFA, walilichukua 1995, na 2017 walifika fainali wakatolewa na Kenya kwa penalti. Ila FIFA inaitambua Tanzania moja, na mchezaji wa Unguja au Pemba akitaka Kombe la Dunia ni kupitia Taifa Stars. Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55, kufikia Julai ikaifuta kwa sababu ya kanuni za FIFA. Mzanzibari aliyefurahi Machi akaumia Julai anaweza kumwelewa shabiki wa Belfast haraka kuliko mtu mwingine yeyote, manake anajua timu ya watu wachache ina maana gani kwa hao wachache.

Mashabiki wa pande mbili wanachukiana?

Wapo wanaochukiana. Ila Euro 2016 walikuwa Paris pamoja wakiimba, wakiimbia mpaka polisi, na jiji la Paris likawapa mashabiki wa timu zote mbili medali. Na kocha wa Jamhuri mwaka ule alikuwa Martin O'Neill, yuleyule nahodha wa Kaskazini wa 1982.

Wewe ungependekeza nini kifanyike sasa?

Vitu vitatu. Kombe la klabu za pande mbili lirudi na liwe na pesa ya kutosha, sio la kuchezwa Jumatatu usiku na vikosi vya akiba.

Pili, Kaskazini watafute wimbo wao. England nao wanatumia wimbo wa mfalme huohuo, Wales wana wa kwao, Uskoti wana wa kwao, na hakuna anayesema Wales wameacha kuwa Uingereza. Kijana Mkatoliki anayetaka kuchezea Kaskazini, na wapo wengi, asisimame kila mechi ameinamisha kichwa akisubiri wimbo uishe.

Tatu, wacheze wao kwa wao kila mwaka, zamu kwa zamu, Belfast na Dublin, na mashabiki wa ugenini wapewe tiketi. Timu za wanaume wakubwa walikutana Novemba 2018 Dublin, 0-0, mechi ya kirafiki. Wanawake wamewatangulia: Septemba 2023 Jamhuri iliifunga Kaskazini 3-0 mbele ya watu zaidi ya 35,000 Dublin, Desemba wakarudiana Windsor Park, Jamhuri ikashinda tena 6-1. Chama cha Dublin na cha Belfast wachukue ratiba ileile wawape wanaume.